Nchi Tuliyoitungia Katiba Kasumulu

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Kyela: yule mama aliyekuwa akivusha mchele wa Ngonga kwenda Malawi na kurudi na vitenge amefariki. Jina lake nawaachia wanawe. Nilimjua miaka ile biashara ilipofunguliwa na vyama vikaanza kuwa vingi, nami karani kijana wa forodha, nimetoka Tanga na ukali wangu wote. Mto Songwe ulifurika, daraja likafungwa, tukakwama na wafanyabiashara siku tatu katika banda la forodha pale mpakani Kasumulu. Kila mara mama huyo alitoka mlangoni kuyatazama maji. Dada yake alikuwa mahututi Karonga, upande wa Malawi, naye aliogopa kumkuta kaburini. Sikuyajua hayo, sikuwa nimemuuliza.

Mto ulikuwa umehama kidogo, kama kawaida yake, ukaacha kisiwa cha mchanga katikati. Dereva mmoja akauliza ni cha nani. "Chetu!" wakajibu, na papo hapo nchi ikazaliwa! Jamani, sijapata kuona bunge lililochangamka vile. Dereva alitaka kila chama kitawale kwa zamu, kiwe na siku yake kama gulio. Watu watano waligombea uwaziri wa fedha; raia hakupatikana hata mmoja. Mzee muuza vitunguu alijifanya spika, akigonga debe, "Oda! Oda!" Nami niliandika katiba nyuma ya fomu za serikali, ukarani nimeusahau kabisa. Ndipo mama akasema, "Andika, mwanangu. Mpakani mtu asalimiwe kwanza, halafu ndiyo aulizwe karatasi."

Nikacheka. "Mama, hiyo ni adabu, si sheria."

"Adabu labda umeiacha kwenu Tanga. Hapa mezani pako sijaiona, ndiyo maana nataka iwe sheria."

Banda zima likaangua kicheko. Ikapita kwa kura zote kasoro moja, yangu.

Asubuhi ya nne daraja likafunguliwa, naye akawa wa kwanza mezani. "Kibali?" nikasema bila kuinua macho. Foleni ikapiga kelele: "Karani kavunja katiba!" Uso ukaniwaka. Nikaweka kalamu chini, nikasimama. "Mugonile, mama. Nyumbani hawajambo?" Akaitikia, kisha akanieleza habari ya dada yake. Kibali chake kilikuwa kimeisha muda juzi yake, akiwa pale pale bandani anasubiri maji. Bila salamu ile ningemrudisha mjini Kyela akatafute kipya. Nilimwita mkuu wangu, akamwandikia idhini, nikamsindikiza hadi mwisho wa daraja. "Ndaga fijo," akanishukuru, akakimbia, mchele akauacha.

Miaka yote sikuthubutu kuuliza kilichofuata. Mwanawe ndiye aliyenieleza kwenye simu: alimkuta dada yake bado anafahamu watu, wakashinda pamoja, na jioni akamfia mkononi.

Leo kila mtu ana rasimu yake ya katiba, nami napenda mno mabishano hayo, tuendelee! Ila mwenye kalamu asikilize zaidi pendekezo linalomchekesha. Mimi nililicheka, na nusura nimnyime mtu dada yake.