Moshi wa Wakulima wa Kanama

Mwaka 1999 nilikuwa Gisenyi, nikitafiti moshi wa mjini kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Kaboni ya mahindi ni nzito kidogo kuliko ya miti, hata ikishaungua, kwa hiyo maabara ikipima masizi hujua kilichochomwa. Kifaa changu cha kunasa masizi nilikifunga juu ya paa la jiko, nyuma ya nyumba niliyopanga.

Mwanzoni majibu yalionyesha miti. Baadaye yakaonyesha mahindi matupu. Nikaandika, kwa kujiamini kwa mtu asiyeingia jikoni, kwamba wakulima wa Kanama, kwenye vilima vya nje ya mji, wanachoma mabua na upepo unatuletea moshi wao.

Msimamizi wangu alipokuja kutoka Ubelgiji, nilimweleza hayo uani huku nikionyesha vilima kwa kidole. Yeye alitazama kifaa, kisha akashusha macho hadi mlangoni mwa jiko. Mpishi wangu, Mama Solange, alikuwa anatia magunzi ya mahindi motoni.

"Mama, tangu lini unapikia magunzi?" nilimuuliza.

"Si ni we, Docteur, ulisema moshi ya makaa inakuumiza kichwa? Donc mi niliacha makaa."

Msimamizi, asiyejua Kiswahili, akaniomba nimtafsirie.