Mzinga wa Ciakuthii Juu ya Mwembe

Joyline, jirani yangu anayeuza mboga kando ya barabara hapa Kianjokoma, ndiye aliyeniambia kwamba Ciakuthii amebeba maiti kwa pikipiki.

"Nimeona na macho yangu, Mama Tabby," alisema huku akinifungia sukuma. "Ilikuwa ndefu hivi, imefungwa kwa shuka, kamba juu, kamba chini. Na akanipungia mkono. Mtu amebeba maiti na bado anapunga mkono."

"Maiti ya nani?"

"Hiyo sasa ndiyo hatujui."

Ilikuwa Desemba. Kufika jioni maiti ilikuwa imeshakuwa ya mwanamume, na kule kwa kinyozi ilikuwa imeshapewa jina. Mimi sikuamini haraka. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni, na Ciakuthii ndiye aliyenipeleka hospitali siku ya kumzaa, mvua ikinyesha, akiimba nyimbo za kanisa polepole ili nisiyasikie mashimo ya barabara. Mtu kama huyo ukisikia amebeba maiti, kwanza unamwuliza mwenyewe.

Nikamwuliza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ni mzinga wa baba yangu. Mzinga wa nyuki, ule wa gogo. Na huyo Joyline ukimwona, mwambie maiti inamsalimia."

Ciakuthii ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Karurumo, kule chini kwenye joto, akaolewa huku juu kwenye baridi na chai. Amechuma chai miaka thelathini na moja, na vidole gumba vyake vina weusi ambao hautoki hata kwa ndimu. Mumewe alipokufa, watu walingoja auze ng'ombe. Hakuuza. Alingoja bonasi ya chai, akashuka Embu mjini, akarudi na pikipiki nyekundu akiiendesha mwenyewe. Njia nzima alikuja na gia ya pili, kwa sababu zile nyingine, alisema, angezisoma akifika nyumbani.

Vijana wa steji ya bodaboda walimcheka, wakimwita shosho, yaani bibi. "Shosho, hiyo si ng'ombe. Haitaki kukamuliwa."

"Na wewe si ndama," akawajibu. "Mbona unanifuata?"

Leo hawacheki. Yeye ndiye anayebeba magunia ya chai ya wajane wenzake hadi kituo cha kupimia, na wamama wakienda kliniki ni yeye wanayemwita. Habebi mlevi. Habebi mtu anayeongea kwa simu. Huvaa koti la marehemu mumewe, na suruali ndani ya leso, na akikusimamia kando ya barabara hakuulizi unaenda wapi. Anakuuliza kama umekula.

Habari ya mzinga alinieleza siku ile ile, tukiwa tumekaa kwenye ngazi yake. Mimi ni Mmeru, nimeolewa huku, kwa hiyo mambo mengine ya Waembu huwa naelezwa pole pole, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiembu.

Alipokuwa na miaka tisa, alipanda kokwa ya embe ya ngowe nyuma ya nyumba ya baba yake. Baba akauzungushia mche miiba ili mbuzi wasiule. Wakati wa kugawa shamba ulipofika, mabinti hawakupewa, lakini baba alisema mbele ya wote: ule mwembe ni wa Ciakuthii. Baba alikufa, kaka naye akafa, na shamba sasa ni la Njue, mtoto wa huyo kaka. Njue ameshakata miembe minne na kupanda muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa.

"Simlaumu," Ciakuthii alisema. "Muguka unachuma kila wiki, unalipa karo ya watoto. Embe ni mara moja kwa mwaka, na dalali anakuja zikiwa zimeshaanza kuanguka. Lakini ule mwembe ni wangu."

"Na mzinga unafanya nini?"

"Kwetu mti ulio na mzinga wa mtu haukatwi. Shamba laweza kuwa lako, lakini huwezi kumvunjia mwenzako nyumba."

Njue hakubisha. Alisema tu kwamba mzinga bila nyuki ni kuni. Nyuki wakiingia kabla ya Februari kuisha, hataugusa mti maisha yake yote. Wasipoingia, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ataita mtu wa pawa aje na msumeno wake wa injini aukate. Wakapeana mikono.

Sasa sikiliza alichofanya Ciakuthii. Ule mzinga ulikuwa umelala ghalani kwake huku juu miaka mingi, ndani mweusi, una masega makuukuu na utando wa buibui. Mizinga ni kazi ya wanaume, yeye alikuwa hajawahi kuushika. Akaufanyia kile ambacho amefanyia kila chombo maishani mwake: akauosha. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi, mara mbili. Akauanika juani mpaka ukanukia kama shuka za bibi harusi. Ndipo akaufunga kwenye pikipiki, akampungia Joyline mkono, akaenda kuutundika.

Januari nzima nyuki walikuja, wakachungulia, wakaondoka. Mwishowe mzee mmoja wa kule anayeitwa Munyi alipanda, akaingiza pua, akashuka akitikisa kichwa. "Nani aliyeua harufu?" akauliza. Kumbe nyuki huhamia pale wanaponusa kwamba wenzao waliwahi kuishi. Ilibidi mzinga ushushwe, ufukizwe moshi, usuguliwe nta ya zamani, utundikwe tena. Walimaliza Februari ikiwa katikati. Zikabaki wiki mbili, halafu siku chache tu.

"Jumamosi tunaenda," akaniambia. "Wewe na Tabby. Mtakula embe. Na uje na macho yako, haya yangu siku hizi yanaona mbali kama moshi."

"Na kama hawajaingia?"

"Wameingia," alisema, kama mtu anayekuambia chai imeiva.

Tulitoka saa moja asubuhi. Tabby nilimfunga kifuani, kati yangu na lile koti. Nyuma yetu mlima Kirinyaga ulikuwa wazi wote, theluji yake imepata rangi kidogo ya jua. Mashamba ya chai yalikuwa na umande, na wachumaji walikuwa wameshaingia, vichwa tu vinaonekana. Kila mtu alimsalimia. Aliitikia kwa honi, moja kwa watoto, mbili kwa wazee.

Kuteremka kutoka kwetu ni kama kuvua nguo. Kwenye chai una koti na sweta. Ukifika kwenye kahawa na makadamia unafungua vifungo. Tulipopita Runyenjes nilivua sweta nikalikalia, na baada ya hapo ardhi ikaanza kuwa nyekundu zaidi, migomba ikapungua, upepo ukawa vuguvugu na una harufu. Sikuijua mara moja. Ciakuthii aliachilia mafuta, pikipiki ikateremka kwa uzito wetu tu, kimya, akageuza kichwa kidogo.

"Umesikia?"

"Embe."

"Hapo sasa tumefika kwetu."

Miembe ilikuwa pande zote, matawi yameinama mpaka mengine yameegemezwa miti. Kulikuwa na marundo kando ya barabara, ya manjano, ya kijani, mengine yana wekundu begani. Tabby alikuwa macho, anaangalia kila kitu kikipita. Nilimshika kichwa chake kidogo kwa kiganja na nikajiambia kwamba siku moja nitamweleza kuwa alipita hapa.

Njue alitupokea mlangoni. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana kicheko cha haraka.

"Tata, karibu," alisema. Tata ni shangazi. "Umekuja kuaga mti wako?"

"Nimekuja kula. Wewe umeshaita mtu wa pawa?"

"Kithinji anakuja saa tano. Tuliambiana, tata."

"Tuliambiana. Leta sufuria ya maji tuoshe embe."

Mwembe ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Upande mmoja palikuwa na mistari ya muguka mpaka kwenye ua, na upande wa pili visiki vinne. Mzinga ulining'inia kwenye tawi la juu, umelala, mdomo umeelekea mashariki. Nyuki walikuwepo, lakini wachache, watatu, wanne, wanazunguka.

"Hao ni wapita njia," Njue alisema. "Hata Januari walikuwa hivyo hivyo. Wanakuja kunusa sabuni ya tata."

"Wewe cheka," Ciakuthii akasema. Akachuma embe moja lililofikika, akalibonyeza begani, akanusa pale penye kikonyo, akaliweka kando. La pili akalikubali. Hakulikata kwa kisu. Alilivunja ngozi kwa meno, akalimenya hadi chini, akanipa.

Ngowe ya mtini si kama zile tunazoletewa huku juu zikiwa zimeiva safarini. Juisi ilinifika kwenye kiwiko kabla sijauma mara ya pili. Haikuwa na nyuzi. Ilikuwa na utamu halafu, mwishoni, kitu kikali kidogo kinachokufanya utake tena. Nilikula matatu mfululizo. Tabby alikuwa ametimiza miezi sita wiki ile, nikamgusisha mdomo kidole chenye juisi. Alikunja uso wote, akafikiri, halafu akakishika kile kidole kwa mikono miwili akakirudisha mdomoni.

"Huyo ni wa Karurumo," Ciakuthii alisema. Lakini hakuwa anamwangalia mtoto. Alikuwa amekaza macho juu, ameyafinya, na nilijua haoni chochote ila doa.

Saa tano kasoro Kithinji alifika, msumeno begani na dumu la mafuta mkononi. Alisalimia, akapewa embe, akala amesimama huku akizunguka mti, akiupima utaangukia wapi. Ciakuthii alikaa chini ya mwembe. Mkono wake ulikuwa juu ya mzizi, unapapasa pole pole kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mimi nilikuwa nimeegemea shina nikinyonyesha. Ukinyonyesha huna kazi nyingine ila kuangalia. Niliwaangalia wale nyuki. Wale wanaotoka walitoka haraka na kupotea. Wale wanaorudi walikuja wazito, wakishuka kidogo kabla ya kutua, na hawakuzunguka kama watu wanaotafuta mlango. Waliingia moja kwa moja. Mmoja alipita karibu na kichwa changu, na miguuni alikuwa na vidonge viwili vya manjano. Nikangoja. Wa pili alikuwa navyo. Wa tatu hana. Wa nne anavyo.

"Shosho," nikasema, "hawa wanaoingia wamebeba kitu cha manjano miguuni. Wanaingia nacho, wanatoka bila."

Ciakuthii aligeuka. "Rudia."

Nikarudia. Kithinji akashusha embe mdomoni.

"Hicho ni chakula cha watoto," alisema. "Nyuki mpita njia habebi unga wa maua. Mwenye kubeba unga ana nyumba, na ndani kuna malkia." Alisogea, akatega sikio kwenye shina muda mrefu, halafu akachukua dumu lake. "Njue, mimi siwashi pawa chini ya hawa. Nikiiwasha tu, hapa tutakimbia wote, na mtoto yuko."

"Nikuongezee?"

"Niongezee embe."

Njue aliangalia juu, akaangalia mistari yake ya muguka, akacheka kile kicheko chake cha haraka, lakini kiliishia njiani. Nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa ameshahesabu miche ya kupanda pale.

"Haya, tata. Umenishinda. Mti siugusi."

"Sijakushinda. Njoo ule asali Agosti."

"Lakini nami nisikilize. Babu alikuwa akisema mzinga usiotembelewa ni wa atakayeuokota. Msimu wowote ukiisha sijakuona hapa, nitajua umeuacha."

"Utaniona."

Alisema hivyo bila kufikiri, na Njue akaitikia kwa kichwa, akaenda kumjazia Kithinji gunia. Sisi tukapewa kikapu. Ciakuthii alikifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akavaa helmeti, akainua mguu apande.

Goti lilikataa. Akauteremsha mguu, akaudunda chini mara mbili, akajaribu tena. Ulifika nusu ya kiti ukarudi. Akasimama pale ameshika usukani kama mtu anayepumzika tu, na koti lile refu likaficha mengine yote. Njue alikuwa ametugeuzia mgongo. Mimi niliona, na yeye aliona kwamba nimeona.

"Tangu lini, shosho?"

"Tangu nipande kuutundika ule mzinga mara ya pili." Alipangusa kiti kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Leo litakubali. Likipata moto huwa linakubali. Mama Tabby, shule ulifika wapi?"

"La nane."

"Na unaogopa nini?"

Nilifikiri. "Nyoka."

"Basi pikipiki haimo kwenye hesabu." Alinivuta mkono karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wale wanaume wasisikie. "Jumatatu, mtoto akilala, mwachie Joyline, uje uwanja wa kanisa. Nataka nikufundishe kuendesha. Msimu goti hili litakapokataa kabisa, uniweke hapo nyuma unilete kwenye mti wangu."