Feni Inazunguka, Upepo Hauonekani

Saa tatu asubuhi, uani kwa Ibrahim mjini Baraka, Jafari amelala chali ndani ya gari kubwa la familia. Ameshika kipande cha karatasi chini ya feni aliyoifunga paani jana. Feni inanguruma. Karatasi haitikisiki.

"Iko inazunguka muzuri," anasema, akikuna kichwa. "Lakini upepo iko wapi? Mi sielewe."

Jafari, mwenye miaka thelathini na sita, ni fundi wa umeme wa magari. Siku njema humwachia kama faranga elfu ishirini. Siku mbaya humwachia salamu tu. Taa, honi na betri amezizoea, lakini kutoboa paa la mtu ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Nilipima mara tatu mbele ya kukata," anakiri. "Bati ukishaikata, haiwezi kurudi."

Kazi yenyewe ilitokana na mama yake Ibrahim, Koko Husna kama wajukuu wanavyomwita bibi yao. Ana pumu. Barabara ya Mboko ni vumbi tupu, vioo lazima vifungwe, na gari likijaa hugeuka tanuri. Safari iliyopita alizimia njiani. Leo mjukuu wake Munira, binti wa Ibrahim, anapelekwa Mboko kuolewa, na bibi ameapa kwamba bila hewa haendi.

Jana gerejini feni ilivuta joto nje, karatasi ikanata juu kama imepakwa gundi. Leo, saa ya kuondoka, feni ikawashwa bila kuvuta hewa, na Jafari akaitwa mbio. Alipofika akaisaidia familia kukaza kamba ya mzigo, kama jirani mwema, kisha akaingia ndani kutafuta ubovu.

Fyuzi nzima. Waya mzima. Swichi nzima. Jasho linamtoka, akili imegota.

"Fundi, ulitoboa gari yangu bure?" Ibrahim anauliza kwa ukali.

Koko Husna, kitenge chake kipya kikiwa bado na mikunjo ya dukani, anashuka taratibu kutoka kiti cha mbele. "Muende tu," anasema. "Mi nitabakia."

Maneno hayo yanamchoma Jafari kuliko ukali wa Ibrahim. Anazima feni, anazungusha mkono wa kufungulia kifuniko cha tundu la feni, kile kinachoinuka juu ya paa kutoa hewa. Hakisogei. Anakisukuma kwa kiganja. Kinainuka kidogo tu, na kwenye upenyo anaona maua mekundu.

Godoro la bibi harusi! Lile lile alilolikazia kamba. Aliliona, lakini nani hapa hushangaa mzigo juu ya gari? Linaloshangaza watu ni gari lisilo na mzigo.

"Kumbe mi mwenyewe njo niliziba pumzi ya mama!"

Ndani watu wakiingia watabanana, hakuna pa kuliweka. Ibrahim anatazama godoro, kisha anamtazama mama yake. Munira ndiye anayekata shauri.

"Papa, mushushe godoro. Nitalala kwa mukeka. Koko njo atanipeleka."

Linashushwa, kifuniko kinafunguka. Feni inawashwa, karatasi inaruka na kunata.

Alasiri godoro limesimama gerejini, na Jafari bado haelewi paa moja litabebaje mzigo na upepo. Anapanga kuchomelea kizimba cha vyuma juu ya feni, mzigo ukae juu, hewa ipite chini. Mteja mwingine akija, atamuuliza kwanza: "Munabebaga nini huko juu?"

Itafaa? "Sijue," anasema. "Nitajaribu."

Simu inalia. Ni Koko Husna.

"Fundi, nimefika. Nimepumua njia yote. Sasa lete godoro ya mutoto."