Simu Ndefu Kuliko Zote

Nisikufiche, bado naona haya. Kazi yangu pale Nakawa ni kuwasumbua watu kwa simu nikiwauzia bima ya mazishi. Tunatukanwa kutwa, na hata kwenda chooni lazima unyooshe mkono.

Juzi nilimpigia mama mmoja wa Kyebando, kumbe ni wa kwetu Bukavu. Badala ya kunitukana akaniuliza, "Mutoto yangu, ulishakula?" Tangu nimwache mama yangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Bima ikanitoka kichwani. Nikamwomba anieleze sombe inavyopikwa, mimi niliyetwanga hayo majani ya muhogo tangu utotoni, mradi tu asinyamaze.

Jana asubuhi bosi, Mganda asiyejua Kiswahili, akatukusanya wote. Alikuwa ameona simu yangu ndiyo ndefu kuliko zote.

"Mjifunze kwa huyu," akasema, akaiweka kwenye spika. Mimi mjinga nilisahau kwamba kila simu inarekodiwa! Wakongomani wenzangu pale kazini, walioelewa kila neno, wakainamisha vichwa.

"Hapo mwisho," bosi akauliza kwa hamu, "unamwambia nini mteja?"

Ikabidi nitafsiri mbele ya wote: "Mama, usikate kwanza. Niite tena mtoto wako."