Ramu kwenye Mguu wa Mlingoti

Fundi wa milingoti wa hapa kisiwani, kijijini Windward, aliniibia shauri langu mbele ya kijiji kizima. Mikono yake ni mizuri, siwezi kumnyima hilo. Huugonga mti kwa kifundo cha kidole, huutegea sikio na kuunong'oneza, "Sema, mama, sema," na mti humjibu upesi kuliko mkewe. Ulimbo wa mti haumtoki kuchani hata Jumapili kanisani. Kapteni Alwyn alipotaka mashua ya kuzungukia visiwa na mkewe, fundi alishikilia mlingoti mmoja mrefu. Mimi mshona matanga ndiye niliyemwambia, "Shemeji, bega la mzee Alwyn ni bovu. Tanga kubwa hivyo, malaika ndio watamsaidia kulishusha? Mpe milingoti miwili mifupi, matanga madogo." Akacheka. "Wewe shona, dada, mti niachie mimi." Kisha akachonga miwili.

Siku ya kushusha mashua majini, kwetu aliyechagua milingoti ndiye humwaga ramu ya baraka kwenye mguu wa mlingoti. Mke wa Alwyn akaitazama ile milingoti mifupi, akauliza, "Nani alituonea huruma hivi?" Fundi akanitazama, akajikwangua ulimbo kuchani, akasema, "Mimi," akamwaga. Mashua ikatoka katika upepo mkali, na mzee akashusha tanga kwa mkono mmoja tu. Nilisimama wima kuliko milingoti yote miwili, maana kila mshono pale ni wangu. Lakini fundi bado ana deni: aniite kwa jina langu, Verlyn, kwa sauti, mbele ya watu walewale, na chupa ya ramu anikabidhi mkononi.