Bia nyeusi ya Ubelgiji tuliyoionja Chilangala, na kikombe cha marehemu mjomba

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nimesoma uzi wa jamaa anayesifia bia kali za nje, nikakumbuka jambo. Nalisimulia lilivyokuwa, atakayesema ni chai, basi atafute vitumbua.

Ilikuwa enzi za ruksa. Soko huria limefunguka, maduka ya Dar yamejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu.

Mimi ni Mmakua wa Masasi, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi. Rafiki yangu Barnaba ni Mmakonde wa Chilangala, Newala. Alikuwa mpishi wa hoteli huko Dar.

Barnaba alilelewa na mjomba wake, mzee Likwanda. Mzee alikuwa mpishi wa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, na ulimi wake uliogopwa. Pombe ikimridhisha, anagonga kikombe kwenye kigoda kisha anakifunika mdomo chini. Isipomridhisha anaimwaga mbele yako, hata uwe mchungaji.

Barnaba alimwahidi bia ya Wazungu. Mzee akaugua, akatuma salamu kwamba mpwa wake aje. Barnaba akangoja likizo.

Mzee akafa, akazikwa Barnaba hayupo. Alimwachia mkewe neno: "Akija, asiitwe kwa jina langu."

Kwa watani zangu Wamakonde hilo si dogo. Mpwa ndiye anayerithi jina la mjomba. Akinyimwa, anabaki kama mgeni kwenye ukoo wake mwenyewe. Barnaba alikonda kwa jambo hilo.

Basi akanunua ile bia, akanipitia Masasi nimsindikize. Chupa nene, kizibo cha koki kimefungwa kwa waya.

Tulifika mchana, lakini ukungu wa kule juu mlimani ulikuwa umeshuka, huoni hata mkorosho wa pili.

"Shikamoo mama," tulimwamkia mjane, Mama Salome.

"Marahaba wanangu. Barnaba, umefika." Hakusema karibu.

Barnaba akamweleza kilichomleta. Mama akatoa kigoda cha marehemu na kikombe chake cha bati, akaviweka barazani.

Chupa ilikuwa imetikiswa njia nzima. Kizibo kilipotoka, povu liliruka, likamwagika kizingitini. Mama Salome alilitazama hadi likazama ardhini.

Bia nyeusi tii, inanukia zabibu kavu na sukari guru. Barnaba akajaza kikombe cha mzee, akakiweka kwenye kigoda, kisha akamimina zetu. Mwanzo tamu, halafu moto unashuka kifuani, mwisho uchungu kidogo. Niliipenda, sitawadanganya.

Mama Salome akauliza, "Umempa mjomba wako kikombe ambacho hujakionja?"

Kwao anayeleta pombe huanza yeye kuonja kikombe kilekile, mkubwa ajue hakina sumu. Dar ilikuwa imemsahaulisha Barnaba.

Akakichukua, akapiga funda. "Mjomba, nimechelewa. Nisamehe." Akakirudisha kwenye kigoda.

Tukaitwa ndani kula ugali na kisamvu. Humo ndani tulikuwa sisi na mama tu.

Hata tonge la kwanza sijalimeza, nikasikia huko nje: ko. Bati kwenye mti.

Mama Salome aliendelea kunawa mikono. Barnaba akainuka, nami nikamfuata kwa sababu niliogopa kubaki.

Kikombe kilikuwa kimefunikwa kwenye kigoda. Kigoda kikavu, chini pakavu. Uwanja ulikuwa umefagiwa, una nyayo zetu tu za kuingia. Nikakiinua kikombe na kukinusa: zabibu, na ndani hamna hata tone.

Kutoka ndani mama akaita, "Likwanda, ugali unapoa."

Barnaba akaanza kulia. Halafu akaitika, "Naam."

Wakuu, midomo niliiona ikifunguka, ni yake. Ile sauti ilikuwa ya mzee mwenye kikohozi.

Nilichojifunza: aliyekulea akikuita, nenda, likizo itakukuta hukohuko. Na pombe ya wakubwa, onja kwanza.

Wenyeji wa Newala na Tandahimba, nyie mnaijua hii? Nielezeni, maana Likwanda, kama anavyoitwa sasa, bado hunipitia Masasi tukanywa. Akimaliza anagonga glasi mezani, anaifunika. Kabla ya siku ile hakuwa na tabia hiyo, na mimi sijathubutu kumuuliza.