Siku Tatu Bila Damu

Baba alinivunja mkono kwa sababu ya kikopo cha kuwekea choo. Ndugu zangu husema nilianguka kwenye bodaboda. Sikuanguka.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya maabara Morogoro, nikarudi bomani kwetu, kwenye tambarare kati ya Kilosa na Mikumi. Nilimkuta baba amekonda, shuka linamzunguka mara mbili. Nilimbembeleza wiki nzima hadi akakubali kwenda kupimwa Mikumi. Kadi ya kipimo ikageuka bluu: kuna damu iliyojificha kwenye choo chake.

"Juzi nimekunywa damu ya fahali," baba akamwambia nesi. "Ulitaka ukute maziwa?"

Nikamuunga mkono, na hilo ndilo linaloniuma. Nilibishana na yule nesi kama nilivyozoea kubishana na wahadhiri: kadi yenu haitofautishi damu ya ng'ombe na ya mtu, majibu haya hayana maana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akampa baba kikopo kingine.

"Siku tatu bila damu wala nyama, mzee. Halafu ukijaze, ulete."

Njiani nikamweleza baba nilichosoma chuoni. Kuna watafiti waliobadilisha vinasaba vya bakteria ili bakteria hao wakipita kwenye utumbo wanase vipande vya vinasaba vinavyodondoka kutoka kwenye uvimbe wa saratani. Uvimbe ukiwa bado mdogo, wanaweza kuutambua. Hawahangaiki na damu, iwe ya nani.

"Kwa hiyo nimeze wadudu waende kunichungulia."

"Bado wanajaribiwa kwa panya, baba."

"Basi wape panya pole."

Siku ya tatu ikaangukia sherehe ya rika lake, hapo hapo kwetu. Fahali alikabwa kwa kamba hadi mshipa wa shingo ukatuna, mshale ukapigwa kwa karibu, damu ikaruka na kukingwa kwenye kibuyu. Kwetu mwenye ng'ombe hunywa kwanza, na asipokunywa hakuna anayekunywa. Baba akakiinua kibuyu. Nikampokonya, nikamwaga damu yote chini.

Fimbo ya kwanza ilinipata sikioni. Ya pili ilinilaza. Ya tatu niliikinga kwa mkono, na nikausikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

"Umemwaga damu ya fahali wangu kwa ajili ya mavi," alisema kwa sauti ya chini, huku akiendelea kupiga.

"Mwache," mmoja wa rika lake akasema. "Utatuulia msomi."

"Huyo hasomi," akajibu mwingine, "anabishana tu."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu na jino moja lililong'oka. Nikamkumbatia baba miguu, nikamng'ata paja kwa nguvu zangu zote. Fimbo ikaanguka. Nilidhani nimemshinda, kumbe amejikunja akishika tumbo. Damu ilikuwa ikimtoka nyuma, kwenye njia ya choo, ikitiririka ndani ya shuka, mbali na pale nilipong'ata, ikaingia kwenye viatu vyake vya matairi. Fahali alikuwa amesimama pembeni, jeraha lake limeshazibwa kwa kinyesi na udongo.

Tulipanda bodaboda moja kwenda Mikumi, baba katikati, mimi nyuma nikimshikilia kwa mkono mmoja. Nesi aliutazama mkono wangu mwingine. Nikamwambia aanze na mzee. Hapo baba akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa kikopo. Kilikuwa kimejaa.

"Nimekijaza alfajiri," akasema. "Siku tatu ziliisha jana."

Mimi nilihesabu kuanzia kesho yake. Yeye alihesabu na siku ile ile tuliyopewa kikopo. Alitii yote aliyoambiwa, na alipoinua kibuyu alikuwa ameshamaliza. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwa nimemuuliza.

Nesi akapima, ingawa shuka lilikuwa limeshasema. Nadhani alipima kwa ajili yangu. Kadi ikageuka bluu. Akanitazama, akisubiri nibishe.

"Mbishi wako amechoka," baba akamwambia. "Andika."

Akaandika barua ya rufaa kwenda Morogoro. Baba aliipokea kwa mkono ule ule wa fimbo, akaikunja, akaiweka alipokuwa ameweka kikopo.